Bwana Ndovu Aonja Mchanga wa Fungu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa pahala!

Na pahala pana nini?

— Pana wenyewe!

Itikeni vizuri, ninyi mliojikunja kwenye makochi. Zamani zetu tulikuwa tukiitikia mpaka kuku wanatawanyika uani. Sasa mnaitikia kama wagonjwa. Haya, mtaamka tu, ngano yenyewe itawaamsha.

Hapo kale, zamani ya wazamani, watu walipokuwa bado wanaiamkia bahari asubuhi kabla ya kuamkiana wao kwa wao, palikuwa na visiwa vitatu. Cha kwanza Kisiwa cha Mawe. Cha pili Kisiwa cha Minazi. Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote, na kilikuwa na ufukwe mmoja ulioitwa Mkadini, kwa ajili ya mikadi iliyoota pale. Mkadi ukitoa ua, harufu yake huwafuata watu mpaka ndani ya nguo.

Chini ya mkadi wa tatu aliishi kaa mdogo wa kike, jina lake Bi Mize. Macho yake juu ya vijiti, mwendo wake wa upandeupande: kwachu, kwachu, kwachu. Kaa hana nyumba ya kudumu, mnajua. Leo anachimba shimo, maji yanalifukia, kesho anachimba tena. Lakini bibi yake Bi Mize, Bibi Tunu, alichimba pale pale maisha yake yote, hatua tatu kutoka shinani. Na Bi Mize naye akachimba pale pale, hatua tatu. Kila alipochimba alimkumbuka bibi yake, akizoa mchanga kwa gando moja na kumwonya kwa gando la pili.

"Mjukuu wangu, tazama mwezi kabla hujatazama maji. Mwezi ukiwa nusu, bahari ni mvivu, haijai sana, haipwi sana. Hayo ni maji mafu, usiyaamini. Mwezi ukiwa mpevu, bahari huja na ukoo wake wote. Hilo ndilo bamvua."

"Nimesikia, bibi."

"Na mwenye pupa usimdanganye, utajitia dhambini bure. Mwambie kweli. Hataiamini."

Bi Mize alikuwa mdogo, akacheka bila kuelewa. Bibi Tunu akafa, miaka ikapita, na Bi Mize hakuwa na kitu kingine cha bibi yake ila pahala pale.

Basi, huko bara palikuwa na Bwana Ndovu. Alikuwa na misitu miwili na mabwawa matatu, na bado halali usingizi. Kwa nini? Hana ufukwe! Akamtafuta Kunguru, ambaye kazi yake ilikuwa udalali.

"Kwaa! Bosi, umefika kwangu, umefika," akasema Kunguru. "Visiwa vyote navijua. Wewe kazi yako kuchagua tu."

Sasa sikilizeni mila ya visiwa vile. Mgeni akitaka pahala, huchagua mara moja tu. Huitwa majirani, naye huutia ulimini mchanga wa pahala anapopataka na kusema mara tatu, "Nimeonja, nimechagua." Basi, pamekuwa pake. Lakini akirudi akaonja mchanga wa pahala pengine, tumbo humvimba siku arobaini, na hatii kitu kinywani isipokuwa maji. Hiyo ndiyo mila.

Ndovu akaingia baharini, mkonga juu, Kunguru kichwani. Vuu, vuu, vuu, mpaka Kisiwa cha Mawe. Ndovu akatazama. Ndovu akanusa. Ndovu akasema, "Hapanitoshi!"

Vuu, vuu, vuu, mpaka Kisiwa cha Minazi. Akala mikungu saba ya madafu, akafuta mdomo. Ndovu akatazama. Ndovu akanusa. Ndovu akasema, "Hapanitoshi!"

Vuu, vuu, vuu, mpaka Mkadini. Ndovu akatazama. Ndovu akanusa. Ikamfikia harufu ya mkadi. Akajikalisha mchangani, puu! Mashimo tisa ya kaa yakafukiwa kwa mkao mmoja.

Bi Mize akajipapatua mchangani, akatoka.

"Shikamoo, Bwana Ndovu."

"Nani huyo? Nasikia sauti, simwoni mtu."

"Chini, bwana. Chini zaidi."

Ndovu akainamisha kichwa. "Ahaa, wewe kidude. Hapa pamenipendeza. Kesho asubuhi naonja mchanga. Wewe na wenzako fungeni virago. Na hii mikadi nitaing'oa, inaniziba upepo."

Bi Mize akautazama mkadi wa tatu. Moyo ukampasuka, lakini akamgeukia dalali kwanza.

"Bwana Kunguru, nani aliyekupa hapa upauze?"

"Nimepaona toka juu," akasema Kunguru.

"Mimi nimepaona toka ndani."

"Ya ndani hayaonekani kwenye ramani, mama. Kwaa!"

Ndovu akacheka mpaka mikadi ikatikisika. Bi Mize akaenda zake mpaka ukingo wa maji, kwachu, kwachu, kwachu, akakaa akilia. Mwezi ulikuwa umetoka tangu adhuhuri, umesimama juu mweupe, nusu kamili kama chapati iliyokatwa. Akautazama mwezi. Kisha akatazama maji. Mbele yake, hatua mia mbili ndani ya bahari, kulikuwa na fungu: mchanga mweupe, mpana, mkavu, hauna jani wala mtu. Akalitazama lile fungu kwa muda mrefu, na sauti ya bibi yake ikamrudia masikioni kama jana.

Gudu, gudu, gudu, Ndovu akamjia nyuma.

"Unatazama nini?"

"Fungu, bwana."

"Lina nini?"

"Halina kitu. Mchanga mtupu."

"Mbona unalitazama hivyo?"

"Nilikuwa namkumbuka bibi yangu."

Masikio ya Ndovu yakasimama. "Bibi yako aliacha kitu pale?"

"Hakuacha kitu, bwana. Alinikataza hata kupasogelea. Alisema pale pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Bahari."

Ndovu akamvuta Kunguru kando, akanong'ona, na mnong'ono wa ndovu husikika kisiwa kizima: "Umemsikia? Pana kitu pale! Anatuficha."

"Bosi, na mimi nilitaka kukwambia," akasema Kunguru, ambaye hakutaka kumwambia chochote. "Juzi nimeruka pale, pakavu. Jana pakavu. Leo pakavu. Na bahari pande zote nne! Nani mwingine ana bahari pande zote nne?"

Bi Mize akasogea. "Bwana Ndovu, mimi nakwambia kweli. Usichague pale. Maji ya leo ni maji mafu. Mwezi ukishapevuka, maji yatalifunika fungu lote."

"Muongo wewe!"

"Wallahi, bwana. Usichague pale."

"Muongo!"

"Kwa kaburi la bibi yangu. Usichague pale."

"Mara tatu amenikataza," akasema Ndovu. "Jirani hakukatazi kitu kibaya mara tatu. Angekuwa na roho nzuri hivyo angekuwa mnene."

Asubuhi akaenda kwenye fungu kujionea. Na msimdhanie mjinga kabisa, la, alisimama pale akangoja maji yajae. Saa nne yakaja, shwaa, yakamlamba kucha za miguu, yakarudi. "Haya ndiyo yale ya kuzamisha?" akauliza. Akaita majirani wote. Kaa wakajaa ukingoni mwa maji, elfu kwa elfu, magando juu. Ndovu akachota mchanga wa fungu kwa mkonga, akauweka ulimini.

"Nimeonja, nimechagua!"

"Tumesikia!" wakaitika kaa.

"Nimeonja, nimechagua!"

"Tumesikia!"

"Nimeonja, nimechagua!"

"Tumesikia, na bahari imesikia!"

Siku hiyo hiyo akaanza kujenga. Akaleta magogo kutoka bara, akaleta makuti, akaleta na magunia ya mahindi ya kula mwaka mzima, maana hakupenda kula mbele ya majirani, wasije wakamwomba. Tena akafukua fungu zima kutafuta kitu cha Bibi Tunu. Hakupata.

Mwezi ukanenepa kidogo, maji yakapanda kidogo. Yakamfika vifundoni.

"Kunguru, hii kawaida?"

"Kawaida kabisa, bosi. Mandhari inakusogelea."

Mwezi ukanenepa kidogo, maji yakapanda kidogo. Yakamfika magotini. Bi Mize akasimama Mkadini, akaita kwa nguvu zake zote, "Bwana Ndovu! Ondoa mahindi yako, bado siku moja!"

"Wivu huo!" akajibu Ndovu.

Siku ya saba mwezi ukawa mpevu. Na saa kumi alasiri, bahari ikaja na ukoo wake wote. Ikaja na mama, ikaja na shangazi, ikaja na wajomba. Shwaa! Magunia yakaelea. Shwaa! Kuta zikaachana. Shwaa! Paa la makuti likaondoka zima na Kunguru juu yake, likipotelea kwenye upeo, naye bado anaita, "Bosi, nyumba inayotembea! Hiyo ni bei nyingine! Kwaa!"

Ndovu akaogelea, mkonga juu, mpaka Mkadini. Akafika amelowa, ametota, kichwa kimejaa mwani.

"Kidude! Ulinidanganya!"

"Nilikwambia kweli, bwana, tena mara tatu."

"Ndiyo maana sikukuamini! Basi sasa naonja mchanga wa hapa."

Akachota mchanga wa Mkadini. Akauinua mkonga. Kaa wote wakatoka mchangani, elfu kwa elfu, wakamtazama tumbo.

"Onja, bwana," akasema Bi Mize taratibu. "Ni siku arobaini tu. Maji hayatakosekana."

Ndovu akautazama mchanga. Akalitazama tumbo lake, ambalo alilipenda kuliko misitu miwili na mabwawa matatu. Mkonga ukashuka. Mchanga ukamwagika. Akaingia baharini bila kuaga, vuu, vuu, vuu, akarudi bara, na mpaka leo ndovu hana ufukwe.

Kaa wakashangilia mpaka povu likawatoka. Bi Mize hakukaa nao sana. Bamvua lilikuwa limefika Mkadini pia, shimo lake limefukiwa halionekani. Akaenda shinani mwa mkadi wa tatu, akahesabu hatua tatu, akaanza kuchimba. Alipofika chini kwenye mchanga wa baridi akacheka, maana maneno ya bibi yake alikuwa ameyaelewa. Kisha akageuka kumwambia, kama alivyozoea utotoni. Pale pembeni palikuwa na mchanga tu. Akalia, akaendelea kuchimba, na harufu ya mkadi ikaingia shimoni ikakaa naye.

Sasa ngano haiachwi bila funzo, msije mkasema nimewapunja. Funzo ndilo hili: wanangu, msiseme kweli! Mmeona wenyewe. Kaa amesema kweli mara tatu, na Ndovu, maskini ya Mungu, kapoteza nyumba, mahindi na dalali. Uongo haujapata kumchukulia mtu paa. Na mkija kununua kiwanja visiwani, msiwaulize wenyeji, wenyeji wana roho mbaya. Mwulizeni aliyepaona toka juu.

Mimi ngano hii nilipewa na bibi yangu pale pale Mkadini, tukichambua maua ya mkadi ya kuweka nguoni, mimi miguu imo majini. Nilidhani bibi hafi na Mkadini haihami. Mwezi uliopita nimekwenda. Mikadi imebaki miwili. Pana ukuta mrefu umejengwa mpaka mchangani, na mwenye ukuta akatoka akaniuliza, "Bibi, umepotea?" Nikamwambia sikupotea, nilikuwa nikikaa hapa. Nikamwambia na kweli yake: "Baba, hapo ulipojenga maji hufika." Akacheka, akanipa chupa ya maji ya kunywa.

Nikamwambia mara ya pili. Nikamwambia mara ya tatu. Kisha nikaenda zangu.

Ngano yangu imepwa. Ikiwa tamu, tumekula wote. Ikiwa chungu, mpelekeeni Bwana Ndovu. Na wewe uliyekaa karibu na dirisha, hebu nitazamie mwezi umefika wapi.