Fisi Aliyekula Saruji

Sikudhani Mkude alikuwa akichapisha vitabu vya katuni mjini Morogoro, na nakala elfu mbili zilikuwa zimemdodea stoo. Mwenye nyumba wake, Lugendo, mkandarasi aliyejenga shule ikabomoka kwa manyunyu, alimjia kitambi kikimtangulia.

"Kodi ya miezi sita leo hii, au takataka zako nazimwaga barabarani!"

"Zimwage tu, mzee. Wapita njia watasoma bure habari za fisi aliyekula saruji ya shule."

Lugendo akashusha sauti. "Fisi gani?"

"Mimi sijataja jina. Mwenyewe atajijua."

"Unauzaje?"

"Siuzi rejareja. Chukua zote kwa pesa taslimu, na kodi unisamehe kwa maandishi."

Lugendo akalipa, akasaini, akapakia mafurushi yote akayachome moto. Kabla ya kuwasha kiberiti alifungua nakala moja amwone huyo fisi. Akakuta kuku wawili wakigombea punje ya mtama. Alipekua mpaka jalada la nyuma, fisi hakuwemo.

Akamkimbilia wakili wake, akihema. "Mshtaki yule mwanamke! Kaniuzia vitabu visivyo na fisi!"

Wakili akavua miwani. "Na mahakamani tuseme huyo fisi ulimtakia nini?"