Komba na Shogi la Mama Punda

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa wanaitika kwa midomo mizito. Tena, paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya mbali, ni kale hii ya karibuni, wanyama walipokwisha kuwa na vyuo, umeme na kompyuta, kulikuwa na mji juu ya kilima. Mto ulikuwa chini, bondeni. Maji ya mji yalipanda kilima mgongoni mwa Punda.

Wote walimwita Mama Punda. Anashuka, anapanda. Anashuka, anapanda. Chwapu, chwapu, madumu ya maji yananing'inia kulia na kushoto kwenye shogi. Shogi mnalijua? Ni kile chombo anachovikwa punda mgongoni ili abebe mzigo pande zote mbili. Shogi lake lilikuwa la mbao, amelirithi kwa mama yake. Lilimsugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Likamtoa kidonda karibu na uti wa mgongo.

Mama Punda alikuwa na mtoto wa kulea, binti, jina lake Komba. Moto wa nyika ulimuua mama yake Komba. Mama Punda akamkuta mtoto katika majivu, akampandisha mgongoni, akaja naye nyumbani. Komba akakulia juu ya mgongo ule. Macho makubwa, vidole vyepesi. Akiona kitu kimevunjika hatulii mpaka akitengeneze.

Alipokua akaingia chuo cha ubunifu, palepale mjini. Huko wanyama walifundishwa kubuni vitu vya kutumia: kiti, jiko, beleshi, taa. Akamwambia Mama Punda:

"Mama, nikijua kazi hii, kitu cha kwanza ni shogi lako. Nitakutengenezea shogi lisilouma."

Mama Punda akacheka mpaka meno yote yakaonekana. "Nitangoja, mwanangu."

Mwaka wa kwanza wakachora kwa mkono. Mwaka wa pili akaja Mwalimu Ngiri, mkuu wa karakana, akasema: "Sasa kila mmoja achague programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Ziko nyingi. Chagueni, mjifunze, na mwisho wa mwaka kila mtu alete kitu kimoja alichombunia mtu mmoja, kitu cha kushikika."

Weee! Darasa likawa kama mti uliojaa ndege kwerea.

Tausi akasema, "Jifunzeni Kioo! Ukichora kitu kwa Kioo, kinang'aa kama kimelowa mvua."

Komba akaenda kwa Tausi. Akajifunza Kioo. Somo la kwanza lilikuwa kutengeneza kikombe. Akatengeneza kikombe, kikang'aa. Kisha akachora shogi la mabomba ya chuma. Lo! Shogi likameremeta, na jua la asubuhi limelipiga ubavuni. Wanafunzi wakapiga makofi.

Akaipeleka picha karakana. Mwalimu Ngiri akaitazama kwa furaha. "Zuri sana hili. Upande wa nyuma likoje?"

"Upande wa nyuma sikuuchora, mwalimu."

"Na bomba hili ni refu kiasi gani?"

Komba akakuna sikio.

Jioni Mama Punda akarudi kutoka bondeni, chwapu, chwapu. "Shogi langu, mwanangu?"

"Bado nachagua, Mama."

"Haya."

Asubuhi Komba akaenda kwa Mchwa. Mchwa alikuwa mdogo, mkavu wa maneno. Akasema, "Mimi natumia Msumari. Msumari inataka vipimo. Ukiidanganya, inakataa." Komba akaanza Msumari. Somo la kwanza, kikombe. Upana wa mdomo? Andika. Unene wa ukuta? Andika. Umesahau kitako? Tii! Imekataa. Komba akapumua kwa nguvu. Mistari ilinyooka kama fito, na mgongo wa punda haukunyooka. Kikombe hakijaisha, Kinyonga akapita, jicho moja kwa Komba, jicho jingine kwa Tausi.

"Dada Komba, bado uko kwenye Msumari? Hiyo ni ya wazee. Viwanda vikubwa sasa vinataka Udongo. Unafinyanga kitu kwa kidole, kinapinda utakavyo."

Komba akajiuliza moyoni. Je, nikibaki nyuma? Je, nikijifunza hii na dunia inatumia ile? Akaiacha Msumari. Akaanza Udongo. Somo la kwanza, kikombe.

"Shogi langu, mwanangu?"

"Bado nachagua, Mama."

Mama Punda alikunywa maji yake akalala kwa ubavu, maana mgongo haukugusika.

Kinyonga akarudi. Sasa anasifu nyingine, iliyotoka juzi. Komba akaifuata nayo. Kikombe. Kila programu ilianza na kikombe, na Komba akawa na vikombe vingi ndani ya kompyuta. Vizuri vyote. Wala hakuna hata kimoja cha kunywea.

Ikaja siku Mama Punda akarudi kutoka bondeni na hakuuliza kitu. Komba akaona heri. Aliogopa kuulizwa.

Kisha kiangazi kikakaza. Mto ukapungua, mji ukazidi kuwa na kiu, Mama Punda akazidishiwa safari. Mchana mmoja, kwenye mteremko wenye kokoto, shogi likahama, likakaa juu ya kidonda. Mama Punda akaruka kwa uchungu, mguu ukateleza. Puu! Madumu yakapasuka. Chururuu, maji yote yakarudi bondeni yalikotoka.

Komba akaitwa kutoka darasani. Akakimbia. Akamkuta Mama Punda amelala kando ya njia, nzi wanamzunguka, macho ameyafumba.

"Mama! Mama, nisamehe. Nilikuwa bado nachagua."

Mama Punda akafumbua jicho moja. Akasema polepole, "Nilipokuwa nikikuuliza, mwanangu, sikuwa naulizia habari. Nilikuwa naomba."

Enyi mlioketi hapa, neno lile lilimwingia Komba kuliko mwiba.

Akamsaidia kuamka, akampeleka nyumbani. Akamkosha kidonda kwa maji ya chumvi, kila siku, asubuhi na jioni. Majirani wakashuka mtoni wenyewe kwa ndoo, huku wakinung'unika. Chuoni Komba hakuonekana. Kompyuta hakuigusa.

Basi katika kuosha na kupaka dawa, vidole vyake vikaanza kuujua mgongo ule aliokulia juu yake na kumbe hakuwahi kuutazama. Uti umepanda juu. Bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Kidonda kilipopona na kufunga, akaleta udongo laini wa mtoni, akaufinyanga juu ya mgongo, akaubandua, akapata umbo lake. Akafunga matete kwa kamba, akashindilia nyasi ndani ya gunia, akamvika Mama Punda.

"Hapa, Mama?"

"Hapo panauma."

"Na hapa?"

"Afadhali."

"Hapa je?"

Mama Punda akatembea, akageuka. "Hapo sisikii kitu."

Komba sasa akajua. Uzito ukae kwenye mbavu, pande mbili. Uti usiguswe kabisa. Fremu iwe ya bomba lililopindwa kufuata mgongo. Akarudi chuoni, akamwendea Tausi.

"Dada Tausi, Kioo inaweza kunipa kipimo cha bomba kabla halijapindwa?"

Tausi akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Hiyo ni ya kuonyesha tu."

Akamwendea Kinyonga. Kinyonga akazungusha macho, safari hii akasema kweli. "Udongo itakupa umbo la mgongo. Lakini michoro ya karakana mimi sijawahi kuitoa. Sikukaa nayo mpaka huko."

Akamwendea Mchwa. Mchwa akasema, "Msumari itakupa. Ila mapindo yatakutoa machozi."

"Nitalia," Komba akasema, akavuta kiti.

Akalia kweli. Tii! Imekataa. Akirekebisha, tii! Imekataa tena. Safari hii hakukimbia, kwa sababu alijua anachokitafuta. Hakujifunza Msumari yote. Alijifunza kupinda bomba, kuunga bomba, kutoa vipimo. Akikwama anamwuliza Mchwa, Mchwa anamwonyesha, anarudi kwenye kiti. Mpaka michoro ikatoka.

Mwalimu Ngiri akaisoma, wala hakuuliza swali. Akawasha msumeno. Nziii! Fremu ikakatwa, ikapindwa, ikaungwa.

Je, ilifaa mara ya kwanza? Haikufaa. Kwenye mteremko ilimbana Mama Punda shingoni. Komba akabadilisha kipimo, Mwalimu Ngiri akakata bomba jingine. Ya pili ikakaa. Mama Punda akashuka bondeni, Komba nyuma yake anatazama tu. Akapanda na maji. Chwapu, chwapu. Juu kilimani akasimama, akajitikisa.

"Mama, vipi?"

"Nilisahau kwamba nimelibeba."

Mahali pa kidonda manyoya yaliota meupe, na meupe yakabaki mpaka leo. Kila alipoyaona, Komba aliyashika kwa kiganja.

Punda wa vijiji vingine wakasikia. Ndipo Komba akamwomba Tausi amchoree shogi lile kwa Kioo, ling'ae, ili wa mbali walione. Tausi akafurahi kuliko siku zote. Na baadaye Komba alipotakiwa kubuni tandiko la Ngamia, mwenye nundu na mapindo mengi, alijifunza Udongo. Haikumchukua muda. Akili iliyokwisha kumaliza kazi moja hukuta njia ya pili imefyekwa nusu.

Wanafunzi wapya walikuwa wakimjia mbio. "Dada Komba, dada Komba, tujifunze programu ipi? Ipi ni bora?"

Naye huwauliza, "Unamtengenezea nani, na anaumwa wapi?"

Wengine waliondoka wamenuna. Wengine waliketi wakafikiri.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mafunzo ya hadithi ni haya, watoto na wakubwa: ijue kwanza kazi, na umjue anayeingoja. Kisha shika chombo kimoja kinachoifaa, ukae nacho mpaka kazi iishe. Vyombo vitabadilika kila mwaka, na wewe utajifunza vingine. Lakini anayengoja anaumia wakati wewe unachagua.

Hadithi yangu ndiyo imefikia hapo. Ikiwa tamu, mgawieni ambaye hakuja. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.