Breki Baridi Haina Bwana

"Breki baridi haina bwana." Ndivyo alivyowaambia kocha wenu asubuhi ya leo, mlipotaka kuanza mechi bila hata kuzunguka uwanja mara moja. Mkacheka, mkadhani kajitungia. Hakujitungia. Methali hii ilianza hivi, huko Isyeto milimani, na aliyeitamka kwanza alikuwa fundi wa pikipiki, mwanamke, jina lake Tusekile. Kaeni basi niwaambie, na wewe mwenye simu iweke mfukoni.

Isyeto ni baridi tupu. Ukungu unaingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Kila mwaka viazi vikishavunwa, vijana wa huko hushindana mbio za pikipiki. Wanaanzia uwanja wa kanisa, wanashuka mita mia mbili hadi Kona ya Kisima, wanapanda msituni, halafu wanateremka mteremko wa kilomita tatu hadi sokoni. Mteremko ule ndio uliokuwa ukiwashinda wengi.

Ulimshinda Lusajo, mdogo wake Tusekile. Breki zake zilichemka katikati ya mteremko, akaminya wee, hazikushika, akatupwa kwenye shamba la chai akavunjika mkono. Mama yao hakupiga kelele. Alimwita Tusekile jikoni akamwambia, "Fundi wa pikipiki ile ni wewe. Akianguka tena, usije kuniambia ni bahati mbaya."

Maneno yale Tusekile alilala nayo na kuamka nayo. Mwaka mzima alitafuta pedi za breki ambazo hazitamwangusha mdogo wake. Alizijaribu mwenyewe, mteremko uleule, mvua na jua. Pedi za kawaida zilishika vizuri mwanzoni, lakini kilomita ya kwanza haijaisha zikaanza kunuka. Za pili zilifika mbele kidogo, zikatoa moshi. Za tatu ndizo za mbio hasa, ngumu, alizoagiza mjini. Hizo zilimfikisha hadi sokoni, na kadiri zilivyopata moto ndivyo zilivyozidi kushika. Tusekile alishuka kwenye pikipiki akacheka peke yake, wauza ndizi wakamshangaa.

Zilikuwa na tabia moja tu. Zikiwa baridi, ni kama ubao. Unaminya, unadhani fundi amesahau kuzifunga. Tusekile alimweleza Lusajo, na wiki nzima wakafanya mazoezi. Kabla ya kuondoka, Lusajo alizunguka uwanja mara mbili huku ameminya breki kidogo, mpaka sahani ya breki, lile bamba la chuma linalobanwa na pedi, ikawa haigusiki kwa moto. Wakaridhika. Siku ya mbio Lusajo akazunguka vilevile, akaja kupanga mstarini.

Sasa sikilizeni. Isyeto wana desturi. Pikipiki zikishapangwa, injini zinazimwa, mchungaji anaombea, mgeni rasmi anasema mawili matatu, bendera inashuka. Mkubwa anaposema hakuna anayesogea, hata kukohoa watu wanajizuia. Kwa kawaida ni dakika tano. Mwaka ule mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja mstaafu, na kipaza sauti alikuwa hajakishika siku nyingi. Akasema barabara. Akasema shule. Akaingia kwenye baiskeli ya marehemu baba yake, tairi la mbele, tairi la nyuma, mpaka kengele. Manyunyu yakaanza, naye yumo tu. Dakika arobaini!

Tusekile alikuwa amesimama pembeni. Aliona matone yakianguka juu ya sahani ya breki ya Lusajo. Mwanzoni yalikuwa yakitoa mvuke. Sasa yalitulia hapohapo, kama umande kwenye jani. Akasogea akagusa kwa kidole. Baridi.

"Lusajo," alinong'ona, "breki zimepoa."

"Dada, mheshimiwa anaongea."

"Nisikilize. Bendera ikishuka, waache wote watangulie. Shuka polepole umeminya, zipate moto kabla ya kona."

"Niwe wa mwisho? Mbele ya Isyeto nzima? Mwaka jana walinicheka mpaka watoto wa chekechea."

"Kona ya Kisima hazitashika, mdogo wangu."

"Dada, nimezizoea wiki nzima." Lusajo alivuta kofia yake ngumu, akatabasamu. "Breki hizi, mimi ndiye bwana wake. Nenda kasimame."

Tusekile akatazama jukwaani. Ilihitajika sauti moja tu: samahani mheshimiwa, wapewe mzunguko mmoja. Maneno yalimfika kwenye meno. Lakini mwanamke mwenye ovaroli la grisi, amkatize mkubwa mbele ya mchungaji na kwaya nzima? Haya zikamshika. Akarudi kusimama mahali pake.

Bendera ikashuka. Lusajo akawatoka wenzake, watu wakashangilia. Pale konani wenzake, waliokuwa na pedi za kawaida, walipunguza mwendo wakakata kona. Lusajo akaminya, pikipiki ikaendelea kana kwamba kona ile haimhusu. Ilivunja ua, ikalaza migomba miwili, ikakoma kwenye ukuta wa kisima. Mguu ulivunjika mara mbili.

Hospitalini mama yao alikaa kitandani na bakuli la uji. "Haya," akasema, "safari hii mwenye kosa nani?"

"Ni mimi, mama," Lusajo akasema. "Dada alinionya. Nikajiita bwana wa breki."

"Breki baridi haina bwana," Tusekile akamjibu. "Hata ungekuwa bingwa wa dunia isingekutii." Halafu akamgeukia mama yake. "Lakini nilijua, mama. Nilipaswa kumkatiza mheshimiwa, nikaona haya. Sisemi ni bahati mbaya."

Mama akamlisha mwanawe uji, akamfuta mdomo. Wiki mbili nzima akazungumza na Tusekile mambo ya chumvi na kuni tu. Tusekile alilia, tena sana. Msidhani mafundi hawalii.

Mwaka uliofuata Lusajo alirudi mstarini, anachechemea, na pedi ngumu zilezile. Watu wakasema hawa wana wazimu. Na mgeni rasmi? Mheshimiwa yuleyule! Akasafisha miwani, akakunjua karatasi. Tusekile safari hii alikuwa amejiandaa, pumzi kifuani, mguu mmoja mbele. Kabla hajafungua kinywa, kwenye kwaya ya akina mama mtu akasimama. Alikuwa mama yake.

"Shikamoo mheshimiwa. Sema, tutakusikiliza mpaka mwisho. Lakini ukimaliza wasiondoke hapohapo, wakazunguke uwanja kwanza. Breki baridi haina bwana."

Mchungaji akatazama viatu vyake.

"Maana yake nini, mama?" mheshimiwa akauliza.

"Maana yake mwanangu anachechemea."

Mheshimiwa alimtazama Lusajo, akautazama ule mguu. Akakunja karatasi yake, akasema atasoma jioni sokoni, watu wakishafika salama. Pikipiki zikawashwa, vijana wote wakazunguka uwanja mara mbili huku wameminya breki. Lusajo alikuwa wa nne. Wa nne tu, na alifika sokoni akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Mama yao alipita katikati ya watu, akaushika mkono wa Tusekile pamoja na grisi yake, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Tangu siku ile Isyeto hotuba husomwa mwishoni. Na neno lile likatoka kwenye pikipiki likaingia kwa watu: kwa mwalimu mgeni, kwa bibi harusi, kwa kila anayedai kumiliki kitu ambacho bado hajakipasha moto. Kwa hiyo kesho kocha akiwaambia mzunguke uwanja, mzunguke bila kununa. Breki baridi haina bwana.