Mzigo Umepita Mwepesi

Mpo? Semeni mpo. Basi mkiwa mpo, nami nipo, na kisa kipo, kilikuwapo kabla mama wa mama yangu hajaota jino la kwanza, kabla njia ile ya kisimani haijawa njia. Sogeeni. Zaituni, acha kumfinya mwenzako, sisemi mara mbili.

Enzi hizo palikuwa na Kiti Kikuu. Kilikuwa mbali, ng'ambo ya maji, huku kwetu hakuna aliyewahi kukiona, lakini nchi zote zilikuwa zake. Zake kwa jina, jamani, maana nchi mbili kilikuwa kimeziacha zijitawale, kila moja na wazee wake, na sheria zake, na lango lake. Moja Ilole, nchi ya wafua majembe. Ya pili Kasulo, nchi ya chumvi. Ilole wana majembe, chumvi hawana. Kasulo wana chumvi, wanalima kwa vijiti. Mngedhani wangebadilishana tu yakaisha, eti? Hayakuisha. Kila lango lilikuwa na ushuru. Ukifika Kasulo na mzigo wa majembe unaacha mawili langoni, uwe jirani, uwe mgeni wa kutoka huko nisikokujua mimi, mawili. Na Ilole nao vivyo hivyo, kila mzigo wa chumvi unaacha vibaba viwili.

Kiti kikatuma mjumbe. Mjumbe akasema, "Ninyi ni watoto wa Kiti kimoja. Mtoto wa nyumbani hatozwi sawa na mpita njia. Kaeni mpatane." Akakaa kivulini, akaomba uji.

Sasa wapatane vipi? Hapo ndipo penye desturi yenyewe, na msicheke. Huko mapatano hayakufanywa na wazee. Wazee walikaa nyuma wakinong'ona. Waliozungumza ni wanawake wanaonyonyesha, mmoja wa huku, mmoja wa kule, na kabla ya neno la kwanza wanabadilishana watoto. Wewe unamnyonyesha wangu, mimi namnyonyesha wako, mpaka mapatano yatimie. Kwa nini? Kwa sababu nani atamdanganya mtu aliyempakata mwanawe? Na hayakutimia kwa maneno, hapana. Yalitimia mzigo wa kwanza wa kila nchi ukipita lango la mwenzake, na mama wa upande wenye mzigo asimame mbele ya watu aseme, "Mzigo umepita mwepesi." Asiposema, watoto hawarudi kwa mama zao. Ndivyo ilivyokuwa.

Kasulo wakamtoa Nyamizi, mtu mzima, mnene wa sauti, amezaa akazaa, na kitinda mimba wake wa kike, Mbula. Ilole wakamtoa Kalunde, msichana tu, na mwanawe wa kwanza, Kasanda, hata jino hana.

Kalunde alimtoa mtoto bila kumwachia. "Dada, akilia mpigepige mgongoni, polepole, na usimlaze kifudifudi, na akikataa titi la kushoto mpe la kulia, na kofia asivuliwe, na... dada, akinisahau je?"

"Atakusahau aende wapi? Mlete, mdogo wangu, umemkaba."

Wakakaa mpakani, ukingoni mwa kijito, kila mmoja na mtoto wa mwenzake kifuani. Wakavutana.

"Majembe yenu," Nyamizi akasema, "yakiona udongo mgumu yanainama kama yanasalimia wakwe!"

"Na chumvi yenu nusu mchanga, dada. Kwetu tunakula huku tunatema kokoto."

Wakacheka, wakavutana tena, siku zikaenda, mpaka wakaafikiana: ndugu aache langoni nusu ya anachoacha mgeni.

"Nusu?"

"Nusu."

Mjumbe akauliza kutoka kivulini, "Mgeni ataacha zaidi ya ndugu?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi Kiti kimeridhika." Akaomba uji mwingine.

Chumvi ikatangulia. Ikafika lango la Ilole, mgeni vibaba viwili, ndugu kimoja, Nyamizi akasimama akasema kwa sauti yake ile hadi mbuzi wakashtuka: mzigo umepita mwepesi. Akarudi kwao na Kasanda mgongoni, akamsubiri mwenzake langoni.

Ikaja zamu ya majembe. Kalunde akaenda Kasulo na wabebaji, baba yake na kaka zake wakiwa chini ya mizigo, naye amembeba Mbula, anatembea mbele yao wote, karibu akimbie. Wakafika. Kando ya lango mfanyabiashara mgeni na mkewe walikuwa wakingoja na punda wao. Mlinzi wa lango akatia mkono kwenye mzigo wa kwanza. Akatoa jembe. Akatoa jingine.

"Baba, umekosea. Ni moja."

"Sikukosea, binti. Ndugu anaacha nusu ya mgeni. Mgeni, tangu jana, anaacha manne."

Mmeona? Neno halikuvunjwa. Nusu ni nusu. Lakini ndugu hakupunguziwa hata kidogo, bali mgeni ndiye aliyeongezewa.

Kalunde akasimama hapo. Kasanda alikuwa upande wa pili wa lango, mgongoni kwa Nyamizi, analia. Akisema yale maneno, mtoto ni wake sasa hivi. Akisema, baba yake na kaka zake wataacha mawili mawili mpaka wazeeke, na hakuna wa kumlalamikia.

"Sema, mama," mzee wa Kasulo akamhimiza. "Mwanao analia, husikii?"

"Nasikia."

"Basi sema."

Akafungua mdomo. "Sisemi."

Nyamizi akamgeukia yule mzee. "Kweli mgeni anaacha manne?"

"Kweli, na wewe kazi yako imekwisha, nyamaza."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Nyamizi habari ya hayo manne. Nyamizi akaketi chini katikati ya njia, akamshusha Kasanda, akampa titi. Mtoto akavuta mara moja tu, Nyamizi akamwondoa. Mtoto akapiga kelele, wee, kelele ya kutoboa bati, ingawa enzi hizo bati halikuwapo.

"Mnyonyeshe huyo!" mzee akafoka.

"Nimemnyonyesha. Tena nimempendelea. Mnamwona mke wa yule mfanyabiashara mgeni pale, na mtoto wake? Yule sikumpa hata tone. Huyu nimempa tone. Ndugu amepata kumshinda mgeni, baba. Sasa analilia nini?"

Mbebaji mmoja akacheka chini ya mzigo wake. Akacheka wa pili. Lango zima likacheka, hata mlinzi, jembe la watu mkononi.

"Usimchezee mtoto!"

"Mimi?" Nyamizi akasema. "Mimi nafuata mapatano yenu."

Na yule mfanyabiashara mgeni, aliposikia manne, alikuwa ameshawageuza punda wake. Wazee wakatazama mikia ya punda, wakatazamana, wakaenda kando, wakarudi.

"Tunataja la ndugu kwanza," yule mzee akasema, hamtazami mtu. "Ndugu, jembe moja. La mgeni libaki lilivyokuwa juzi, mawili."

Jembe likarudi mzigoni. Kalunde akasema, sauti haikufika mbali lakini ilifika, "Mzigo umepita mwepesi."

Mjumbe, aliyekuwa amewafuata hadi kivuli cha lango, akauliza, "Mgeni bado anaacha zaidi?" Wakamwambia ndiyo. Akatafuta uji, ukawa umekwisha.

Watoto wakabadilishwa. Mbula akaenda kwa mama yake bila neno. Kasanda alimtazama Kalunde, akageuza uso, akamnyooshea Nyamizi mikono.

"Keti, mdogo wangu," Nyamizi akamwambia. "Keti hapa karibu yangu. Mpigepige mgongoni. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Kalunde akaketi mavumbini, mizigo inapita, miguu ya kaka zake inapita, akapigapiga, polepole. Mtoto alipolishika titi wabebaji wote walikuwa wameshapita, na mlinzi alikuwa anafunga lango.

Basi, wajukuu zangu, mtu akikwambia amekupendelea, usiangalie amemnyima nani. Fungua kiganja chako, uangalie umepata nini.

Kisa nilikikuta kimebebwa, nikapokezwa, nami nimekitua hapa kwenu. Atakayekichukua asikipunguze. Mpo? Mimi nimemaliza.