Kichupa cha Juisi ya Choya

Zamani za kale sana, wanangu, wanyama nao walikuwa na hospitali, na chumba chake cha dharura kilijaa tangu asubuhi.

Siku moja Mama Swala aliingia mbio, kambeba mwanawe Nyamizi, kalegea kama kitambaa.

"Nisaidieni! Mwanangu kaishiwa damu!"

Nesi Kindi, mdogo kuliko wote pale, alimvutia mama kiti. Daktari Kiboko akatoa damu ya mtoto ili ipimwe aina yake, akaweka kichupa kwenye sinia.

"Daktari, tukiandike jina hapa hapa," Kindi alisema. "Akiongezewa damu isiyomfaa, atakufa."

"Ebo! Kichwa kikubwa hivi, nisahau? Nitaandika nikinywa chai."

Kiboko akageuka kuwatoa damu wagonjwa wengine, Nyumbu, kisha Fisi.

Chap! Kindi akamimina juisi yake ya maua ya choya na tangawizi, nyekundu pyuu, kwenye kichupa kitupu, akakiweka mahali pa kile cha Nyamizi. Kile cha kweli akakishika.

"Mama, mtoto anaitwa nani?" alinong'ona.

"Nyamizi."

Akaandika, akabandika.

Kiboko akazoa vichupa vitatu, tumbukiti! mfukoni. Akanywa chai, akaandika majina, akavipeleka maabara.

Mara Bundi wa maabara akatokea na vichupa, puu puu puu!

"Daktari! Nyumbu ana choya na tangawizi kwenye damu!"

"Mimi?" Nyumbu aliruka. "Sijanywa hata maji!"

"Juisi ni yangu," Kindi alisema. "Niliiweka mahali pa damu ya Nyamizi. Sasa imepataje jina la Nyumbu?"

Kiboko akamnyang'anya Bundi kichupa chenye jina la Nyamizi.

"Basi hii... hii ni ya Nyumbu au ya Fisi."

"Uwii! Mngeniulia mwanangu!" Mama Swala alilia.

"Damu yake hii hapa, mama, na jina lake." Kindi akampa Bundi kichupa. "Kimbia, kaka!"

Kisha akamsogelea Kiboko. Hakumcheka. Alimpa kalamu yake.

"Ukae nayo, Daktari."

Jioni, Nyamizi, damu mpya mwilini, alifumbua macho.

"Mama, nataka uji."

Kiboko akasimama kando ya kitanda, kalamu mkononi. "Kwanza niambie, mjukuu wangu, unaitwa nani?"

Wanangu, jina la mgonjwa huandikwa mbele yake, hata na mwenye kichwa kikubwa.