Meneja Aliyeonja Kila Sufuria

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, huko nyuma hakuna zawadi. Leo nina habari ya dada mmoja mpishi wa sherehe, na kila nikiisimulia miguu yangu haitulii.

Dada huyu alikuwa na mkono wa pilau. Mkono hasa! Watu walikuwa wakiuliza kwanza nani anapika, ndipo wanauliza nani anaoa. Basi siku moja tajiri wake akamwita, akamwambia, "Kuanzia leo wewe ndiye meneja wa jiko. Wapishi wote wako chini yako." Alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Nani asingecheka?

Sasa, dada huyu alikuwa na gemu lake kwenye simu. Wazee wangu, msinikunjie uso, hakuwa anacheza kamari. Na alikuwa anachagua magemu kama anavyochagua mchele. Ya kukimbizana na magari hakuyataka, ya kupiga risasi ovyo aliyafuta. Alitaka ya kufikiri. Akapata moja la vita vya zamani: unapewa kikosi, ndani yake kuna mpanda farasi, mpiga upinde, mshika ngao, na mganga wa kutibu majeruhi. Unawasogeza mmoja mmoja, halafu inakuwa zamu ya adui kusogeza wake. Na lina sheria moja: anayepigana ndiye anayeongezeka nguvu. Asiyepigana anabaki alivyo.

Dada akampenda mpanda farasi. Kila adui, mpanda farasi! Wengine akawaficha nyuma ya ukuta, wasije wakamharibia. Na akashinda, hatua baada ya hatua, mpaka akafika kwenye ngome yenye malango mawili, na maadui wakaja kwenye malango yote mawili kwa pamoja. Mpanda farasi akalinda hili, lile likavunjwa. Akarudia, akampeleka kule, huku kukavunjwa. Dada akafura.

"Gemu hili lina dhuluma," akamwambia mumewe. "Nalifuta, natafuta lingine."

Mume akachungulia. "Na hawa waliojazana huku nyuma?"

"Hao dhaifu. Hawawezi kitu."

"Umeshawajaribu?"

Dada akazima simu, akasema ugali unapoa.

Na kazini je? Kazini ilikuwa vilevile, ila mpanda farasi alikuwa yeye mwenyewe. Wapishi walimenya, walikata, walichochea moto. Lakini chumvi haikuguswa na mtu mpaka meneja aje aonje. Hiyo ilikuwa amri. Sufuria zote ziliungoja ulimi mmoja. "Nimepandishwa cheo kwa sababu ya ladha," alikuwa akisema, "sitaki mtu aniharibie."

Hata umeneja hajauzoea, tajiri akapokea sherehe mbili za siku moja, kumbi mbili, moja mwanzo wa mji na nyingine mwisho wake. "Utaweza?" "Nitaweza!" Alijibu kabla swali halijamalizika.

Siku ikafika. Yuko ukumbi wa kwanza anakoroga, simu inalia kutoka ukumbi wa pili. "Meneja, nyama imeiva, maji yanachemka, tunakungoja wewe na chumvi." Akadandia bodaboda. Hajafika nusu ya njia, ukumbi wa kwanza nao wanapiga: "Meneja, hii sufuria kubwa hujaionja! Mchele tutie au tusitie? Maharusi wameshatoka kanisani!" Akamwambia dereva, geuza. Dereva akageuza. Simu ya kule ikalia tena. Geuza! Dereva akazima pikipiki kabisa. "Dada yangu, amua. Mafuta yangu yanaisha tukizunguka hapa."

Mnamwona, wapendwa? Amesimama katikati ya njia, jasho linamtiririka, huku harusi, kule harusi, na cheo kipya kinamponyoka mkononi. Na hapohapo akayaona yale malango mawili. Akaelewa! Moyo ukamruka. Akashika simu, akampigia mama mmoja mtu mzima wa ukumbi wa pili, ambaye tangu aajiriwe kazi yake ilikuwa vitunguu tu.

"Mama, chukua mwiko. Onja."

"Mimi? Mwanangu, si ulikataza?"

"Nimeruhusu. Onja, tia chumvi, tia mchele."

"Nikiharibu?"

"Tutakuwa tumeharibu wote. Onja, mama!"

Akarudi ukumbi wa kwanza, akamaliza sufuria yake, ndipo akakimbilia wa pili. Haya, mnadhani pilau ya mama ilitoka tamu kuliko pilau zote? Ilizidi chumvi! Wageni walikunywa maji mpaka maji yakaisha ukumbini. Tajiri akaja mbiombio, uso umemvimba. "Nani ametia chumvi hapa?" Dada alijua kazi yake iko rehani. Kutaja jina tu kungemwokoa.

"Jiko ni langu," akasema. "Na Jumamosi ijayo ataonja yuleyule."

"Akiharibu tena?"

"Alikuwa hajawahi kuonja. Sasa ameonja."

Na Jumamosi hiyo, ndugu zangu, meza kuu yenyewe iliomba iletewe ukoko!

Mnacheka, na kila mmoja wenu anamfikiria bosi wake. Ngojeni. Mungu ndiye mwenye jiko. Yeye hatuhitaji. Angeweza kutia chumvi kila sufuria ya dunia hii na asikosee hata mara moja. Lakini ametukabidhi mwiko! Anajua tutazidisha, anajua tutapunguza, na bado ametukabidhi. Sisi tuliosamehewa sufuria nyingi namna hii, tunapata wapi ujasiri wa kumnyima mwenzetu mwiko? Humu ndani kuna anayeongoza nyimbo peke yake mpaka sauti imekauka. Kuna baba ambaye mwanawe ana ndevu, na bado hajaachiwa hata kuchagua rangi ya geti. Na tupo sisi tuliojibanza nyuma ya ukuta, tunaojiita dhaifu kwa sababu ni raha kutetewa. Nani alituambia sisi ni dhaifu? Tumejaribu lini?

Basi leo sala ya kufunga siombi mimi. Mama hapo dirishani, mwenye kitenge cha kijani, miaka yote hii sijawahi kuisikia sauti yako humu ndani. Usitikise kichwa, mama. Njoo, kipaza sauti hiki hapa. Mimi nakaa chini.