Rais Aliyekwenda Ng'ambo Bila Kukanyaga

Hapo zamani, zama ambazo redio na magari vilikuwa vimekwisha kuwako lakini watu walikuwa bado wanaamini kiapo, palikuwa na nchi kubwa ng'ambo ya bahari iitwayo Majimbo. Nchi hiyo haikuwa na sultani wala mfalme. Watu wake walimchagua mtawala kwa kura, wakamwita Rais, wakampa kasri jeupe akae humo, kisha wakamlaumu mpaka uchaguzi mwingine.

Basi katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mtu mmoja, jina lake Jebedaya, fukara hohehahe, asiye na kazi ila ulimi wake. Kila asubuhi alikuwa akisimama katika foleni ya mkate, akiwachekesha wanawake waliochoka kusimama, na mmoja wao, mjane aitwaye Mama Oda, humkatia kipande akishanunua. Wengine walimwita mjinga. Naye hakuwakatalia, kwa kuwa aliona wajinga wanaachwa kusema mengi.

Wakati huo Rais alikuwa Bwana Galweni, mtu mwema, ila mwepesi wa kuapa. Majimbo ilikuwa vitani na nchi ya Sorvani, na Sorvani ndiko ngano yote ilikotoka. Ikawa mkate umepanda bei hata watu wa koti na tai wakaonekana kwenye foleni. Watu walipopiga kelele, Rais alipanda jukwaani, akainua mkono, akasema, "Naapa! Sitautoka mji huu, wala nyayo zangu hazitakanyaga udongo wa kigeni, mpaka bei ya mkate ishuke."

Watu wakashangilia sana, naye akarudi kasrini amefurahi. Lakini haukupita muda, Malkia wa Sorvani, ambaye naye alikuwa amechoshwa na vita, akaleta habari kwamba mizinga inyamaze hadi Jumamosi. Na kabla jua la siku hiyo halijatua, Rais mwenyewe, si mjumbe wake, atie saini mkataba wa amani juu ya udongo wa Sorvani. Asipofanya hivyo, vita vitaanza upya.

Hapo Rais akaona amejifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe. Mkate hautashuka bila ngano, ngano haitakuja bila amani, amani haitapatikana asipokwenda, na kwenda hawezi mpaka mkate ushuke. Akaligeukia Baraza, na Baraza lilikuwa na pande mbili zisizopikika chungu kimoja. Upande wa kulia uliongozwa na Seneta Krofti, mtu mrefu kama nguzo ya simu. Wa kushoto uliongozwa na Seneta Lavinia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta.

Krofti akasema, "Ukienda, umevunja kiapo. Tutakuondoa."

Lavinia akasema, "Usipokwenda, umewaua vijana wetu. Tutakuondoa."

Likawa ndilo jambo la kwanza walilokubaliana mwaka ule.

Siku ya Ijumaa Jebedaya alimkuta Mama Oda analia katika foleni. Mwanawe, Silvesta, alikuwa mpakani, katika handaki la mbele kabisa, na tangu asubuhi redio haikusema lolote ila Jumamosi, Jumamosi. Jebedaya akaona uchungu, maana kijana huyo alikuwa akimwita mjomba. Asijue la kumfariji, akapaza sauti, akasema, "Usilie, dada yangu. Rais wetu ana miguu miwili mizima, ila ameifunga yote kwa mdomo mmoja. Anachohitaji si jeshi kubwa, anahitaji kufuli la mdomo."

Wanawake wakacheka, na kicheko kikawafikia askari waliokuwa pembeni. Haikuchukua saa, Jebedaya akajikuta amesimama mbele ya Rais, kofia mkononi, na vumbi la viatu vyake likichafua zulia.

Rais alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Akasema, "Ewe Jebedaya, nimeambiwa unaicheka miguu yangu."

"La, Mheshimiwa. Miguu haina kosa."

Waliokuwapo wakainamisha vichwa ili wasionekane wakitabasamu. Rais akaghadhibika, akasema, "Vema. Kwa kuwa wewe ni hodari wa kusema, na uwe hodari wa kutenda. Kesho kabla jua halijatua, nipeleke Sorvani, nami nisiutoke mji huu, wala nyayo zangu zisikanyage udongo wa kigeni. Ukiweza, taja utakalo. Ukishindwa, utapelekwa mpakani ukawachekeshe adui, ukiwa mbele ya mizinga."

Jebedaya akamkumbuka Silvesta ndani ya handaki, akanyoosha mgongo. Akasema, "Nimekubali, Mheshimiwa. Ila nipewe kiti cha mbao chenye mikono, na Maseneta Krofti na Lavinia."

"Kiti utapata," Rais akajibu. "Hao wawili mimi mwenyewe sijawahi kuwapata."

Basi Jebedaya akamwendea Krofti, akamwambia, "Mheshimiwa, kesho Rais atatia saini amani bila kuvunja kiapo, na Seneta Lavinia atakuwa mkono wake wa kushoto. Nimeona vibaya sifa zote zimwendee yeye." Kisha akamwendea Lavinia, akamwambia maneno hayo hayo, ila akataja jina la Krofti na mkono wa kulia. Wote wawili wakasema watafika mapema.

Jumamosi alasiri, Rais akatoka kasrini pamoja na Maseneta, na mji mzima nyuma yao, na Mama Oda miongoni mwa watu. Jebedaya akawaongoza kwa miguu, kiti kichwani, mpaka mtaa wenye miti ambako kulikuwa na ubalozi wa Sorvani. Balozi alikuwa angali yupo, amejifungia ndani na bustani yake, kwa kuwa tangu vita vianze pande mbili za Baraza zilikuwa zinabishana nani atie saini barua ya kumfukuza.

Jebedaya akabisha langoni. Balozi akatoka, mzee mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akastaajabu kuuona umati.

"Bwana Balozi," akasema Jebedaya, "mwaka jana nilichuma pea katika bustani ya jirani yako, askari wakanifukuza, nami nikakimbilia ndani ya ua wako. Wao wakasimama langoni. Walikataa kuingia kwa sababu gani?"

Balozi akainua kidevu. "Kwa sababu ndani ya lango hili si Majimbo. Hapa ni Sorvani, na kila jani lililomo ni la Malkia."

"Na udongo?"

"Na udongo!"

"Umesikia, Mheshimiwa Rais," akasema Jebedaya. "Mji hujautoka, na Sorvani ndiyo hiyo. Sasa tafadhali keti, ili nyayo zako zisikanyage."

Watu wakaangua kicheko. Rais akaketi. Maseneta walipofahamu kwamba wao ndio wachukuzi, wakakasirika, Krofti akasema, "Kwa nini wasibebe askari?"

"Kwa sababu wakibeba askari, kesho mtasema walimtua kidogo njiani," akajibu Jebedaya. "Ninyi ndio mnaotamani aanguke. Mkisema hakuanguka, nani atawabishia?"

Umati ulikuwa unawatazama. Wakainua. Kwa kuwa mmoja alikuwa mrefu na mwingine mfupi, kiti kikalala upande, Rais akashika mikono ya kiti kwa nguvu. "Shusha upande wako!" akasema Lavinia. "Pandisha wako!" akasema Krofti. Wakapiga hatua mbili, wakagongana, wakasimama. Kisha Lavinia, akihema, akasema, "Basi tuhesabu pamoja," na wakahesabu pamoja, wakavuka lango.

Balozi akaleta mkataba, ambao Malkia alikuwa amekwisha kumletea, akaanza kuusoma wote tangu mwanzo, kama ilivyo desturi ya nchi yake. Maseneta wakabaki wamekiinua kiti. Jasho likamtiririka Krofti mpaka kwenye ukosi. Jua lilikuwa limegusa paa la ubalozi. Ghafla kiti kikayumba, kiatu cha kushoto cha Rais kikachomoka, kikaanguka majanini.

Krofti akafungua mdomo, akasema, "Kiatu kimekanyaga Sorvani!"

"Kimekanyaga, Mheshimiwa," akajibu Jebedaya, "lakini kiatu hakikuapa, wala hakuna aliyekipigia kura."

Lavinia akacheka kwa ile sauti yake ya tarumbeta, na Krofti, huku mishipa imemtoka, akajikuta anacheka pia, kiti kikatikisika hata saini ya Rais ikatoka imepinda. Lakini ilikuwa saini. Balozi akaipuliza ikauka, akasema, "Malkia hatauliza kama imenyooka."

Usiku ule mizinga haikulia. Ngano ikaanza kuingia kwa magari ya moshi, na bei ya mkate ikashuka pole pole, mpaka wenye koti na tai wakaiacha foleni kwa wenyewe. Silvesta akarudi amekonda, na Mama Oda akamlisha mbele za watu akisahau kwamba ni mtu mzima. Jebedaya alikaa pembeni, akajifanya moshi wa jiko umemwingia machoni.

Rais akamwita kasrini, akamwambia, "Ewe Jebedaya, nilikutisha kwa mizinga, na haikuwa haki. Sasa taja utakalo. Ukitaka uwaziri, sema."

"Sitaki uwaziri, Mheshimiwa. Mwakani kuna uchaguzi. Naomba, kila utakapopanda jukwaani, nisimame nyuma yako."

"Ufanye nini?"

"Kila utakapotaka kusema 'naapa', nikuvute koti."

Uso wa Rais ukaiva kwa haya, kisha akacheka mpaka akapangusa machozi, akampa kazi hiyo pamoja na nyumba na mshahara wake.

Ikawa mwaka uliofuata Rais Galweni alitoa hotuba fupi kuliko mtu yeyote aliyepata kugombea, na watu waliposikia ahadi chache walidhani zitatimizwa, wakampa kura. Nami sina zaidi, ila ninachojua ni kwamba siku ya kuapishwa Rais alichelewa kufika, kwa kuwa koti lilikuwa bado kwa fundi, likishonwa mgongoni.